Imeganda Tena

Saa nane na dakika kumi na moja za usiku
taa ya kijani inaacha kupepesa.
Feni inazunguka, ila ndani hamna mtu.
Nabonyeza batani. Nachomoa waya, naurudisha.
"Imeganda tena," namwambia mke wangu,
naye, bila kutoa uso blanketini:
"Juni hii, Njombe hii, nani hajaganda?"

Nje sakitu imelala juu ya matuta ya viazi
kama unga uliomwagwa na mtu aliyekuwa anakimbia.

Ni kompyuta kuukuu ya chama cha ushirika,
niliipata mnadani; ubavuni bado ina namba ya mali
kwa rangi nyekundu.
Niliitia diski mbili, nikaipa jina: Ghala.
Humo nimeweka ubatizo, mahafali, risiti za mbolea,
kwaya ya Melinze ikikosea ubeti uleule miaka mitatu,
na mama.

Lutengano alikuja na pampu ya baiskeli.
"Vumbi hili, mwalimu." Akapuliza,
tukapiga chafya wote wawili,
ikafanya kazi siku tatu, akanidai elfu kumi.
Siku ya nne, saa nane na dakika kumi na moja.

Nikasema ni umeme. Nikauza magunia mawili,
nikanunua stebilaiza yenye mshale unaotetemeka
kama mgonjwa anayeombwa asimame.
Nikasema ni kumbukumbu. Nikazichomoa chipu,
nikazisugua meno kwa kifutio cha Atuganile,
asubuhi akakikuta cheusi, akalia,
akaenda shule na mkate badala yake
akiamini utafuta.

Ndipo nikachukua daftari la mahudhurio,
nikaandika saa, usiku baada ya usiku.
Ningeanza na hilo.
Pepo hana ratiba.

Jana nilikesha nayo, jiko la mkaa miguuni.
Saa nane kamili Ghala huanza kujikagua, faili kwa faili,
kama mwenye banda anayehesabu kuku gizani kwa kupapasa.
Nikabandika sikio ubavuni, kwenye ile namba nyekundu.
Tik. Kimya.
Tik. Kimya.
Tik.
Diski ya pili inarudi palepale,
palepale pasiposomeka, inarudi,
na kila kitu kingine kimepanga foleni nyuma yake
kikingoja, kwa adabu, bila kukohoa.
Na mimi hayo nimeyaita kuganda.

Mahali penyewe: mama, shambani,
mwaka ule viazi vilipozaa hadi vikatukera,
anagombana na mchuuzi.
Nimeokoa dakika nne.
Kisha picha inakwama, kidole juu, mdomo wazi:
"Gunia ni gunia! Hicho kichwa cha—"

Asubuhi nikamfuata jikoni, simu mkononi.
"Kamwene, mama. Yule mchuuzi ulimwambiaje?"
"Yupi? Nimewaambia wote."
Akauliza bei ya leo. Nikamtajia.
Akauweka mwiko chini polepole
na kuanza upya, kwa ukali mpya,
gunia sasa ni ndoo ya maji,
mchuuzi sasa ni mimi,
mkono ukipima hewani kile kilima cha viazi
kinachoshonewa wavu juu ya mdomo wa gunia
na kulipwa na Mungu.
Nilicheka mpaka nikasahau kurekodi.

"Na hiyo diski yako," akasema, pumzi ikimrudia,
"uliijaza kiasi gani?"
"Asilimia tisini na nane, mama."

"Lumbesa," akasema,
akaokota mwiko.