Dohani ya Barabara ya Kumi na Nne

Miaka ishirini na sita nalipwa kuziba.
Msumari ulioachia, bati lililoliwa na chumvi,
tundu la jiwe la mtoto aliyemlenga popo.
Ngamiani yote nimeipanda na kopo langu la lami.
Leo Mwantumu Hoza ananilipa nitoboe.

"Hapa," anasema, mwiko ukielekea juu.
"Moshi njia unaijua. Hauna mlango tu."
Tanuru lake la mikate ni matofali na udongo wa kichuguu,
lilijengwa na mama yake
mimi sijajua hata kushika mkasi.
Mama mwenyewe, Bi Hadia, yuko barazani,
macho mekundu kama ya mtu atokaye matangani,
na kile kikohozi ambacho mtaa mzima huamkia
kabla ya adhana, kabla ya boflo la kwanza.

Nikaanza na timazi.
Uzi ukashuka kutoka darini, ukayumba, ukasita,
ukasimama juu ya shingo ya tanuru
kama kidole cha shahada.
Lakini pale juu pana boriti ya mkoko.
Sogea.
Moto na mti si wa kulala kitanda kimoja.
"Shubiri moja?" akauliza Mgaza, kijana wangu.
Mbili. Na kwa mkono wako huo, tatu.

Bomba nimelikunja mwenyewe, vipande vitatu,
kila kimoja mdomo mwembamba ukitazama chini,
uingie ndani ya mwenzake,
ili jasho jeusi la moshi lirudi motoni
lisitoke kuchora ukuta.
"Kwani moshi hauendi juu?"
Unaenda juu, Mgaza. Jasho lake ndilo linaloshuka.
Hata letu.

Saa nne. Bati linachoma magoti kupitia gunia.
Duara kwa msumari na uzi,
tindo, nyundo, kisha mkasi.
Bati likalia. Bi Hadia akauliza, nani anachinjwa?
Mwanga ukaanguka jikoni, mviringo kama sinia,
ukatua juu ya unga.
Mwantumu akarudi nyuma hatua moja.
Kumbe ukuta wake una rangi.

Sketi ya bomba: ukingo wa juu chini ya bati,
ukingo wa chini juu ya bati,
maji yateremke bila kuuliza njia.
Lami. Misumari yenye mpira.
Bomba lipite mgongo wa paa kwa dhiraa moja na nusu,
upepo wa baharini usije ukaurudisha moshi ndani
kama mgeni aliyesahau kofia.
Kofia yenyewe nikaivalisha mwisho.

Akawasha vifuu na vigogo vya mkonge.
Pumzi tatu, hakuna kitu.
Moshi ukazunguka kwa mazoea, ukipapasa kila pembe,
ukiyatafuta macho ya mwenyewe.
Halafu bomba likavuta.
Mwantumu akatoka mbio mpaka barabarani, unga mikononi:
"Unatoka! Unatoka!"
Muuza kahawa akamuuliza meli yake inang'oa nanga lini.

Bi Hadia hakutazama juu.
Alikitaka kile kipande nilichokata.
Upande mmoja kutu, wa pili masizi, mazito kama ukoko.
Akapitisha ukucha, polepole.
"Humu mna ada zenu za shule," akamwambia bintiye,
"na ile Ramadhani ya mafuriko."
Akanirudishia.
"Chukua, fundi. Mimi nakala yangu ninayo,"
akajigonga kifua.

Nimekitundika karakanani, upande mweusi mbele.
Naandikia madeni kwa msumari.
Hoza yuko juu kabisa: mikate thelathini, saba imeshaletwa.
Sina haraka.
Kila alfajiri natega sikio.
Kikohozi hakijaisha.
Ila siku hizi kinakuja baada ya adhana.