Kuteleza

Umeme ulipokatika, saa kumi na mbili kasoro robo,
msumeno mkubwa wa kiwanda cha Mbilinyi
haukunyamaza papo hapo.
Ulishuka.
Kutoka kilio chake chembamba ukapita sauti zote
bila kubisha hodi kwa hata moja,
ukafika chini, kwenye mkoromo wa paka aliyeshiba,
ukatulia katika unga wa msonobari.
Nilikuwa na ubao begani. Sikuutua.
Nikasema: ile. Ile ndiyo.

Nina gitaa la besi, nyuzi nne,
nililinunua Makambako, kwa bendi iliyovunjika
(mpiga ngoma alikimbia madeni, mwimbaji akaokoka).
Shingoni lilikuwa na vichuma ishirini
vimelala kama vipago vya ngazi.
Weka kidole hapa: fa. Kisogeze: bado ni fa,
bado, bado, halafu ghafla si fa tena,
kama karani anayekwambia nenda dirisha la pili.
Wa katikati ya madirisha
anahudumiwa na nani?

Jumamosi nikawasha jiko la mkaa,
maana Mafinga ya Juni haikuachii vidole bure.
Nikatia msumari motoni, nikaulaza juu ya kichuma
mpaka gundi ya zamani ikatoa harufu ya kwato.
Kisha koleo. Polepole.
Cha kwanza kikatoka kama jino la mtoto.
Cha pili, vivyo hivyo.
Cha saba kikang'oka na nyama:
kibanzi cheusi, upana wa punje ya ulezi.
Sedina alichungulia mlangoni na beseni lake.
"Umeliua," akasema.
Sikujibu. Nilikuwa nimepiga magoti,
natafuta kibanzi sakafuni
kwa ncha ya kidole iliyolowa mate.

Nyufa ishirini nikazijaza msonobari mweupe,
vipande vyembamba kuliko ukucha,
mabaki ya mbao nilizozibeba mwenyewe.
Gundi. Kungoja. Msasa mkali, msasa laini.
Vanishi mara tano,
na kati ya mara na mara, usiku mzima wa kutogusa,
ambao ndio ufundi wenyewe
na ndio ulionishinda mara mbili.

Sasa shingo ina mistari tu.
Mistari haikushiki mkono.
Inakukumbusha, halafu inakuacha.

Jumapili Mwalimu Tweve alisimamisha wimbo mara tatu.
"Besi, uko wapi?"
Nilikuwa karibu.
Karibu si pale.
Kidole kikikosea kwa unene wa unywele
kwaya nzima inayumba kama meza yenye mguu mfupi.
Mama Kikoti wa sauti ya pili akakohoa
kile kikohozi cha watu waliolelewa vizuri.

Mpanda ngazi hushuka, tumeambiwa.
Aliyeing'oa ngazi je?
Nililala na swali hilo, nikaamka nalo,
nikalipeleka kiwandani kwenye ukungu,
nikawa naimba fa kimoyomoyo nikipanga mbao,
kuitafuta bila ukuta wa kuegemea.
Wiki saba. Sikio likaota sugu, kisha likalainika.

Ndipo tukamzika baba yake Mhongole, yule fundi wa baiskeli.
Mvua nyembamba, udongo mwekundu, gitaa chini ya turubai.
Ubeti wa mwisho ulipofika kwenye neno "nyumbani"
sikuruka kutoka sauti hadi sauti.
Niliweka kidole juu, nikakiachia kishuke
kama umeme umekatika mahali
na mashine kubwa inaaga.

Mkono wa Mwalimu ukasahau kupiga mapigo.
Hakusema kitu. Alifunua ukurasa ambao haukuwepo.
Tulipokuwa tunanawa mikono kwa zamu,
Mama Kikoti akanikabidhi kata.
"Leo umeteleza vizuri," akasema,
akaenda kutafuta viatu vyake.

Vile vichuma nilivitia kwenye kopo la siagi.
Ahimidiwe, binti yangu, amevikuta.
Amevichomeka uani, uzio wa ng'ombe wake wa udongo.
Kumi na tisa nimevihesabu, vimesimama wima.
Cha ishirini amekipinda kikawa lango,
na lango ameliacha wazi.