Mpini wa Pili

Wahenga walisema msumeno hukata mbele na nyuma.
Hawakuuona wa Saima Kivelä,
kule bonde la Nehalem, Oregoni,
ambako mvua huanza Oktoba ikasahau kwenda zake.
Wake ulikata ukivuta tu.
Ukisukuma, ulipumua.

Kabla yake palikuwa na ule wa mikono,
futi saba za chuma, mpini huku, mpini kule,
Saima huku, Urho kule, na mwerezi katikati
mnene kuliko kimo chao.
"Usinisukumie," Urho alikuwa akisema,
"vuta, kisha niachie nami nivute."
Ndoa yao yote niliisikia humo,
toka ng'ambo ya ua wetu: wewe, mimi, wewe, mimi,
hadi Machi ile, tawi lililonasa juu
lilipochoka kunasa.

Akauza ng'ombe. Akaagiza mashine:
silinda moja, gurudumu zito kila upande,
fremu ya mbao kama machela,
na upanga wa meno uliofungwa kwenye mkono wa chuma,
ukienda, ukirudi,
ukila gogo kwa uzito wake wenyewe.
Baba yangu, Torvald Nygaard, alicheka hadi akakaa chini:
"Mjane kaolewa na petroli!"
Kisha akanikodisha kwake, senti ishirini kwa siku,
niwe mchota maji,
maana mashine ile ilikuwa na bakuli kichwani
na kiu ya mlevi.

Tuku. Tuku-tuku. Kimya.
Tuku.

Mvuke ulipanda kukutana na mvua.
Unga wa mwerezi, mwekundu,
ulinukia kama sanduku la nguo za arusi.
Saima alisimama kando na kopo la mafuta,
mkono wake wa pili haujui ushike nini.

Usiku mmoja wa Desemba nilisahau kumwaga maji.
Asubuhi barafu ilikuwa imepasua chuma,
ufa wa shubiri nzima.
Nilisimama na ndoo tupu kama ushahidi.
Hakunigombeza. Aliupapasa ufa,
akasema neno moja la Kifini
ambalo mpaka leo sijauliza maana yake,
akakata kipande cha sufuria ya shaba,
akakipigilia ribiti kumi na moja.
Siku ya malipo senti zangu zilikuwa palepale.

Miaka ikapita. Mpwa wake Reino akaleta toka Portland
msumeno wa mnyororo, watu wawili kuubeba,
ukivuma kama nyuki waliotukanwa.
Dakika nne, kazi ya asubuhi nzima kwisha.
Saima aliutazama mnyororo ukizunguka, ukizunguka.
"Huu," akauliza, "hurudi lini?"
Reino alidhani ni mzaha.

Leo wananadi vilivyomo bandani.
Mkusanyaji wa mashine kuukuu kapiga magoti kwenye matope,
anauliza kama koili bado inatoa cheche,
anauliza kiraka hiki cha shaba ni cha kiwandani?
Namjibu hapana.
Hayo tu namjibu.

Ndani ya kisanduku cha koili, pakavu kuliko pote,
mna mpini mmoja wa mbao
uliofungwa kwa kitambaa chenye mafuta.
Kidole gumba changu kinaingia
kwenye kibonde kilichochimbwa na gumba la mtu.
Wake? Wa Urho? Mbao haisemi.

Namwuliza dalali bei.
"Hicho kigongo? Chukua tu."
Naacha senti ishirini mezani.