Kioo cha Kilo Kumi na Moja

Kilianguka saa tisa za usiku.
Innes akaketi kitandani, akataja jina la nyanya yake,
mwenye kioo, aliyekufa Februari.
Mimi nikataja msumari.

Asubuhi tuliukuta sakafuni, umepinda kama anayesujudu.
Kioo chenyewe hakikuvunjika; mkeka ulikipokea.
Ukutani, tundu, vumbi la chokaa,
na unywele mmoja wa farasi.

Wa farasi, ndiyo. Mafundi wa zamani wa Dundee
waliukanda pamoja na chokaa,
wakasiliba juu ya fito nyembamba za msonobari.
Tulidhani tumenunua nyumba ya mawe, ghorofa ya tatu,
kumbe ndani yake mna nyumba nyingine
iliyosukwa kama tenga.

Basi nikaanza kubisha hodi kwenye kuta zangu mwenyewe.
Ukuta wa barabarani ulijibu: du.
Jiwe. Mpiga ngumi hapo atajijua.
Wa jikoni: to, to. Tofali, mkweli, mkavu.
Wa bafuni: pum,
ubao wa jasi wa yule aliyetuuzia,
mtu wa haraka, aliyetuachia na bomba likidondoka.
Na wa sebuleni, tulipokitaka kioo,
ulijibu kila shubiri neno jingine.

Dukani, Rhona Gilfillan hakuuliza ninaangika nini.
Aliuliza: "Ukuta wako una nini ndani?"
Nimeulizwa umri, mshahara, na mbona hatuna watoto;
hilo sijawahi.

Akamwaga vidude juu ya kaunta.
Fisha za plastiki, nyekundu na kahawia:
parafujo ikizama, zinatanuka ndani ya tofali
kama mtu anayevuta pumzi na kukataa kuitoa.
Kipepeo cha chuma:
hupita tunduni kimekunja mbawa,
kikazikunjua gizani, upande usioufikia wewe.
Na hiki kinene, chenye meno mapana, cha jasi.
"Usikitwishe zaidi ya taulo," akasema. "Taulo kavu."

"Na fito?"
"Fito zinabeba picha ya harusi. Kioo, tafuta nguzo."
Akanipa sumaku imefungwa uzi. Bure, nirudishe Jumamosi.

Nikaitembeza ukutani, polepole, sikio karibu.
Ikapita. Ikapita. Ikanata.
Chini yake kidogo, ikanata tena,
na tena, safu iliyonyooka kuliko timazi:
vichwa vya misumari iliyogongwa na mtu
aliyekwenda zake kabla nyanya hajazaliwa.
Nguzo ilikuwepo miaka yote.
Sentimita arobaini kulia kwa matakwa yetu.

Innes alikitaka katikati, juu ya meko,
kilivyokaa kwa nyanya.
Wajengao nyumba moja hawagombei fito, husemwa.
Sisi tuligombea fito zenyewe,
tangu chai ya asubuhi hadi taa za daraja zikawaka juu ya mto Tay.
"Kitakuwa kombo," akasema.
"Kitakuwa juu," nikasema.

Alitoboa yeye. Kwanza ulitoka unga mweupe,
kisha keekee ikabadilisha sauti,
ukatoka unga wa njano, unanukia utomvu bado.
Akanyamaza. Akaunusa kiganjani.
Parafujo mbili, ndefu kama kidole cha kati;
akazining'inia kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa,
mtu mzima wa kilo tisini,
na ukuta haukuguna.

Sasa kioo kinakaa pale kinapobebwa.
Wageni hukitazama, wakainamisha kichwa kidogo, wakanyamaza kwa adabu.
Hakionyeshi meko. Hakionyeshi dirisha.
Kinaonyesha mlango wa jikoni, na sinki,
na mgongo wa Innes akiosha vikombe jioni,
na, akigeuka kuchukua kitambaa,
midomo yake ikicheza, akimsimulia mtu habari za leo,
mtu ambaye si mimi.

Simuulizi.
Ule msumari nimeutia kwenye kopo la vifungo.