Shina la Pembe Nne

Jina la lile jani mama amelisahau.
Langu bado analo, ingawa siku nyingine
huniita Ambakisye, kaka yake,
aliyefia Kiwira kabla sijazaliwa.

Nimewauliza majirani hapa Katumba.
Mmoja kasema kivumbasi. Si kivumbasi:
kivumbasi hunukia, watu hufukuzia mbu,
na hili halinuki kitu mpaka ulifikiche,
ndipo linang'ang'ania vidoleni kama ugomvi.
Mwalimu Syabumi kasema liko jina la Kilatini, atalitafuta.
Hajalitafuta.

Basi najua yale tu niliyoyajua nikiwa na miaka saba:
linapenda ukingo wa mfereji, nyuma ya migomba,
majani yana manyoya kama sikio la ndama,
na shina si la duara.
Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada,
litakwama mara nne.
"Lina pembe, kama nyumba," alisema.
"Ukipata duara, umechuma ujinga."

Alichemsha mpaka maji yafanane na chai ya wageni,
sisi tuliochuma chai kutwa
na jioni tukanywa yenye rangi ya mkojo wa mtoto.

Na uchungu wake!
Si uchungu wa mshubiri, unaogonga mara moja ukaondoka.
Huu hukaa. Huvuta kiti.
Saa nzima baadaye unameza mate, nao upo, unakutazama.
Niliinywa dawa ile kwa homa, kwa minyoo, kwa tumbo,
mara moja kwa kusema uongo
(nilisema nimeimaliza, kumbe nimewamiminia kuku;
jogoo hakuwika siku mbili, au ndivyo nilivyosadiki).
Nikiomba sukari, hakugeuka hata kunitazama:
"Sukari ni ya wanaopona wenyewe."

Sasa yeye ndiye anayelala upande wa ukuta.
Vidonge vya hospitali ya wilaya nampa kwa saa zake,
sijaruka hata kimoja.
Lakini leo alfajiri aliomba "ile,"
akakunja uso wote kunionyesha ni ipi.

Nikatoka. Mvua ya Tukuyu haikuulizi kama una mwavuli.
Ukungu ulikuwa umefuta mashamba ya chai,
umefuta hata mparachichi wa jirani.
Nikapapasa mferejini kama mwizi:
duara, duara,
upupu kidogo, nikatukana,
duara,
kisha pembe.

Nikachemsha. Nikaonja kwanza, kama alivyokuwa akionja yeye,
na miaka arobaini ikanirudi kooni.
Nikatia sukari. Kijiko kimoja. Nakiri.

Akapokea kikombe cha bati kwa mikono miwili.
Akapiga fundo moja.
Nikangoja. Nilidhani ulimi utalijua jina,
utalipandisha kichwani lilikotoka.

Akanitazama kama mtu anayekagua ukuta uliopinda.

"Lusekelo. Nani amekufundisha kutia sukari?"

Akainuka mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu Pasaka,
akaenda hadi mlangoni akishika ukuta,
akamimina nje, taratibu, mpaka tone la mwisho.
Kuku wakaja mbio.
Wakadonoa mara moja,
wakaondoka.