Nambari za Bibi Eduvijis

Uyuni, Bolivia. Upepo unabeba chumvi
mpaka kwenye meno.
Leo siku ya wazee: meya kaja na blanketi ishirini,
hotuba ndefu, na tarumbeta moja yenye mafua.

Bibi Eduvijis, miaka tisini na mmoja, hataki blanketi.
"Ninazo nne. Nipeni kiti, mniulize."

Miaka thelathini alikaa kwenye bodi ya simu
akichomeka nyaya, akichomoa,
na nambari hajasahau hata moja.

Walianza watoto, kwa utani. Kisha muuza mkate.
Kisha foleni ikazunguka uwanja,
meya naye ndani yake, hotuba kaikunja mfukoni.

"Mia moja arobaini: ghala la reli.
Sitini na mbili: mkunga Saturnina. Usiku, pigeni mara tatu."

Zamu yangu, nikataja jina la baba.
Hakufumba macho, hakukuna kichwa.
"Mia mbili na saba. Kila Jumapili, Oruro, kwa mama yake.
Alikuwa anacheka kwanza, ndipo aseme haloo."

Hilo la kucheka
sikuwa nikilijua.

Nikarudi mkiani mwa foleni.