Mpokeaji

Nimeibeba mwenyewe begani, televisheni ya kichogo,
kutoka kibandani kwangu hadi ofisi ya vifurushi,
stendi ya mabasi, Arua.
Kilo ishirini na tatu, anasema karani.
Anachukua kalamu. Mpokeaji?

Naigeuza. Mgongoni, chini ya vumbi la miaka kumi na moja,
umechora pipa, ukalikata kwa mistari miwili.
Nimekuelewa, bwana mtengenezaji:
humo nisitupe.
Basi wapi?
Mchoro umeishia hapo.

Nimefungua vifaa vyako mia na kitu.
Najua ulivyojificha nyuma ya skrubu zinazokataa bisibisi yangu,
ulivyomwaga gundi pale ambapo skrubu ingetosha.
Najua kioo hiki kina risasi ndani.
Kwetu risasi si jina geni:
ya bunduki hulia kwanza, watu wakalala chini.
Yako hailii.
Hushuka na mvua, taratibu, hadi mto Enyau,
anakoteka Candiru maji ya kumwagilia mchicha.

Na Afeku wa jirani, darasa la tano,
jioni huchoma nyaya zako nyuma ya tanuri la matofali
apate shaba ya kupima.
Moshi wake ni wa kijani.
Mama yake hunusa shati, haulizi,
maana shaba ndiyo iliyonunua daftari.
Mtoto anakohoa.
Dhamana yako ilikuwa mwaka mmoja.

Kuzaa si kazi, walisema, kazi ni kulea.
Hawakumwona mzazi kama wewe,
anayezaa elfu kwa siku,
akawabandika jina lake kifuani kwa herufi za fedha,
na msiba ukifika hajulikani anakokaa.
Sikuombi machozi.
Ungetia tu ndani ya bei, siku ile ya kwanza,
shilingi za sanda.
Kila televisheni izaliwe na nauli yake ya kurudi.

"Fundi, mpokeaji nani? Foleni ni ndefu."
Andika: Aliyeitengeneza.
"Namba yake ya simu?"

Nasoma tena lile bati dogo. Volti zipo. Wati zipo.
Kuna namba ndefu, lakini si ya kupigiwa.
Karani amechoka.
Naona mkono wake ukiandika, polepole,
jina langu.